Kabla ya Kumtoa Farasi Bandani

Aliyezoea kuongoza punda hudhani farasi ni punda mrefu. Sivyo. Punda akishtuka hukita miguu chini ukabaki kumbembeleza. Farasi hutimka kwanza, halafu ndipo hugeuka kuangalia alichokikimbia. Ana kilo 400 hadi 600, kwa hiyo hakuna wa kumzuia kwa misuli. Usalama wako huamuliwa kabla komeo la banda halijafunguliwa.

Anza na miguu yako. Kandambili ziache nyumbani, vaa buti ngumu, maana kwato ikitua juu ya vidole haiondoki mpaka mwenyewe apende. Glavu nazo, hata wenzako wakikucheka. Kofia ngumu ya kupandia farasi usiiache ukimtoa farasi mgeni, mchanga, au aliyefungiwa siku kadhaa.

Halafu kamba. Iwe ya pamba, nene, ya mita tatu hivi. Hatamu isimbane pua, wala isilegee kiasi cha kwato kunasa humo akiinama kula. Kamba inayobaki ikunje mapindo mapindo, uyashike katikati kwa mkono wa kushoto. Wa kulia uwe karibu na kidevu chake. Usiizungushe mkononi kamwe. Mimi niliizungusha siku moja, mara mbili tu, kwa sababu farasi jike yule alikuwa mzee, mpole, nami nilikuwa na haraka ya chai. Upepo ukapiga turubai la lori. Kamba ikajikaza kama kitanzi, nikajikuta chini naburutwa kifudifudi hatua nne tano, hadi aliposimama mwenyewe akanitazama kana kwamba anashangaa nimelala pale kutafuta nini. Kidole cha mwisho hakikunjiki sawasawa mpaka leo.

Ndiyo maana njia huipita kwanza peke yangu. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, na sisi masaisi, yaani watunza farasi, tulishukuru kwa sababu zetu wenyewe, lakini maturubai, nguo zilizoanikwa na bodaboda za ekzosi mbovu bado vipo. Lango nalo lifunguliwe lote. Likiwa nusu, nyonga itagonga nguzo, na safari ijayo atapita hapo kwa kishindo.

Mwendee kwa ubavuni, kwenye bega la kushoto, huku ukiongea. Huona karibu pande zote, isipokuwa nyuma ya mkia na mbele kabisa ya paji lake. Yatazame masikio: yakisimama kuelekea sehemu moja na shingo ikapanda, kuna kitu amekiona kabla yako. Yakilala nyuma kabisa, amekasirika. Usiondoke naye bado.

Kama mtapita barabarani, mambo hugeuka. Kwetu magari hupita kushoto, basi nanyi shikeni kushoto, farasi awe mkono wako wa kushoto na wewe kati yake na magari. Wengi hawajazoea kuongozwa kutoka kulia; mfundishe uwanjani siku kadhaa kabla.

Amua pia mapema utakavyomwachia malishoni. Mgeuze akuelekee, lango likiwa nyuma yako, fungua hatamu, kisha rudi nyuma hatua mbili. Wapo wanaoaga kwa kurusha mateke ya furaha.