Kusoma skani ya PET-CT baada ya tiba ya seli za CAR-T kwa limfoma

Katika tiba ya CAR-T, seli T (za kinga) za mgonjwa huvunwa, hubadilishwa maabara ziishambulie limfoma, yaani saratani ya seli za kinga, kisha humrudishiwa. PET-CT ni skani inayoonyesha mahali FDG inapokusanyika mwilini. FDG ni sukari iliyobandikwa florini-18, yenye mionzi. Seli ya limfoma huila kwa pupa, na seli T inayopambana nayo huila vivyo hivyo. Ndiyo maana doa linalowaka mwezi mmoja baada ya tiba halijitambulishi kama ni saratani au kinga ya mwili iliyo kazini. Msomaji hutegemea picha ya awali, tarehe, na maandalizi yaleyale kila mara.

Picha ya awali ipigwe baada ya dawa za kuzuia ugonjwa wakati seli zinatengenezwa, lakini kabla ya fludarabini na siklofosfamidi, dawa za kemo zinazotangulia kutiwa seli. Kosa linalojirudia ni kutumia skani ya zamani, ya kabla seli hazijavunwa. Limfoma kali huweza kukua sana katika wiki hizo, na baadaye uvimbe uliopungua ukaandikwa kuwa umeongezeka. Skani zinazofuata ni za siku ya 30 na ya 90, zikihesabiwa tangu mgonjwa atiwe seli.

Mgonjwa asile kwa saa 6. Maji matupu anaruhusiwa. Sukari ya damu iwe chini ya 11 mmol/L. Akichoma insulini ya haraka, subiri saa 4, la sivyo FDG hukimbilia kwenye misuli. Metformini, dawa ya kisukari, hufanya utumbo uwake kwenye picha, kwa hiyo husimamishwa saa 48 kabla, daktari wake akikubali. Fomu ionyeshe pia G-CSF (dawa ya kuongeza chembe nyeupe za damu) na deksamethasoni (dawa ya steroidi). G-CSF hufanya uboho wote na wengu uwake kwenye picha. Ikiwezekana pisha wiki 2. Deksamethasoni hupandisha sukari na huweza kuififisha limfoma yenyewe, ukapata picha nzuri isiyo ya kweli.

Choma sindano ya FDG mkono ulio mbali na uvimbe, kisha mgonjwa apumzike dakika 60. Muda huu usipishane na ule wa skani ya awali kwa zaidi ya dakika 10. Uvimbe huendelea kunyonya FDG huku mwanga wa ini ukishuka, hivyo aliyecheleweshwa hadi dakika 90 anaweza kupanda kutoka alama ya 3 hadi ya 4 (mizani imeelezwa hapa chini) bila ugonjwa kubadilika. Kabla ya kusoma lolote, tazama mahali pa sindano. Pakiwaka, na tezi ya kwapa la upande uleule ikawaka, dawa ilivuja; SUV (vipimo vya kiasi cha FDG kilichonyonywa) za skani hiyo usizilinganishe na za nyingine. Na aliyetibiwa India akapimwa Nairobi aje na faili za DICOM, yaani picha halisi za skani. Ripoti peke yake haitoshi, sembuse picha iliyopigwa kwa simu.

Alama ni za mizani ya Deauville. Ya 1 ni hakuna mwako. Ya 2 hauzidi damu iliyo katikati ya kifua. Ya 3 hauzidi ini. Ya 4 unazidi ini kiasi. Ya 5 unazidi ini sana au kuna doa jipya. Kuanzia 1 hadi 3 huhesabiwa kuwa ugonjwa umeitika kikamilifu. Alama ya 4 siku ya 30, mgonjwa akiwa hana dalili na uvimbe unanywea, isikutie haraka ya kubadili dawa: baadhi yao hushuka kufikia siku ya 90 bila kuongezewa chochote. Lakini doa jipya, au uvimbe unaokua, ukatwe kipande kidogo cha kupimwa (biopsi). Iombe maabara ipime CD19, protini iliyo juu ya seli ya limfoma ambayo seli za CAR-T huilenga, kwa sababu saratani iliyoipoteza haina tena shabaha kwa seli zilezile.

Wiki ya kwanza PET haina kazi. Uvimbe huweza kufura kwa sababu ya kinga, na ulio shingoni ukabana njia ya hewa. Hapo hitaji CT ya dharura, na daktari wa usingizi awe karibu. Mgonjwa akianza kuchanganyikiwa au mwandiko wake kuharibika, MRI ya ubongo hupigwa kutafuta sababu nyingine. Mara nyingi hutoka safi, na usafi huo hauondoi sumu ya seli hizi kwenye ubongo.