Trauti wa Nyeri kwa fimbo ya nzi: chagua mto kwanza, duka baadaye

Wageni wengi wanaonipigia simu kabla ya kupanda Nyeri kuvua trauti, samaki wa maji baridi, kwa nzi bandia huwa tayari wameshanunua fimbo. Mtu amekaa Nairobi, ametazama video za mito ya Marekani na New Zealand, mito mipana isiyo na mti karibu, kisha akaagiza fimbo ya futi tisa na nusu, namba 7. Anafika Thego, mto ambao sehemu nyingi haufiki hata hatua kumi kwa upana, matawi yamefunga juu kama dari, na mshipi wake unanasa mtini kabla haujalowa. Ndiyo maana mimi hushauri kinyume na wauzaji: amua kwanza utavua wapi, ndipo ufungue pochi. Na ukifika kununua, anza na mshipi, kisha fimbo, kisha nzi. Rili, kigurudumu cha kukunjia mshipi, iwe ya mwisho, tena ya bei rahisi.

Kwa nini mshipi uje kwanza? Kwenye uvuvi wa kawaida, uzito wa chambo au wa risasi ndio unaoburuta uzi kwenda mbali. Nzi bandia hana uzito. Ni manyoya na nyuzi kidogo zilizofungwa kwenye ndoano. Ukimtupa kwa mkono ataangukia miguuni pako. Kinachokwenda mbali ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na mzito kidogo, na nzi anaburutwa nyuma yake tu. Mshipi mbovu uliopasuka-pasuka hautelezi kwenye pete za fimbo, unazama mahali ambapo ungeelea, na hakuna fimbo ya bei kali itakayokuokoa.

Kwenye boksi la mshipi utaona maandishi kama WF5F. WF inakwambia uzito umewekwa zaidi sehemu ya mbele, 5 ni namba ya uzito, na F ya mwisho ina maana kwamba unaelea. Namba hiyo sharti ilingane na ile iliyoandikwa kwenye fimbo juu kidogo ya mshikio. Fimbo namba 4 na mshipi namba 4, basi. Kwa mito yetu ya msituni nunua namba 4, fimbo ya futi saba na nusu au nane. Ikiwa unataka fimbo moja tu ya kukutumikia mtoni na kwenye maziwa ya mlimani, chukua namba 5 ya futi nane na nusu, uvumilie kunasa matawi mara mojamoja. Mshipi wa kuelea unatosha kwa karibu kila kitu. Wa kuzama ni wa ziwa, na hata huko unaweza kuanza bila huo.

Mbele ya mshipi kuna lida, uzi wa nailoni unaoanza mnene na kuishia mwembamba, kwa kawaida futi tisa. Kwa mito midogo kama Thego au Ragati mimi huikata hadi saba. Mwishoni hapo unafunga uzi mwembamba wa kushika nzi. Unene wake hupimwa kwa namba yenye herufi X, na namba ikipanda uzi unazidi kuwa mwembamba: 4X ni kama milimita 0.18, 5X ni kama 0.15. Beba roli hizo mbili tu. Maji yakiwa meupe kama kioo funga 5X. Mvua ikinyesha milimani na maji yakachafuka kidogo, 4X haimtishi samaki.

Rili kwa trauti wa mto ni kibweta cha kuhifadhia mshipi. Samaki wa robo kilo hawezi kukimbia hadi amalize mshipi. Utamvuta kwa mkono. Pesa utakazookoa hapo nunua miwani ya jua ya polaraizi. Hiyo ndiyo inayoondoa mng'ao juu ya maji ukaona mawe ya chini, na ukitulia unaona kivuli kinachopepea mkia juu ya mawe. Pia inakinga jicho, maana nzi akirudi na upepo anarudi na ndoano.

Miguuni, sahau zile suruali za mpira za kufika kifuani. Maji yanatoka kwenye baridi ya mlima, kweli, lakini utatembea zaidi kuliko utakavyosimama majini. Viatu vya kamba vyenye soli inayoshika mwamba uliolowa vinatosha, na soksi za sufi. Gambuti ni hatari: zikijaa maji mahali pa kina hazitoki. Ongeza makasi madogo, koleo nyembamba ya kung'oa ndoano, sweta, na koti la mvua hata kama Nyeri mjini jua linawaka.

Sasa nzi. Hapa Mkenya hana sababu ya kuagiza ng'ambo, kwa sababu nzi wengi wanaouzwa Ulaya na Marekani hufungwa hapa hapa Kenya na mafundi wetu, kisha wanarudi kwako dukani kwa bei ya dola. Tafuta fundi anayefunga, keti naye, mwambie mto unaokwenda. Mimi hubeba kijisanduku kimoja. Ndani yake kuna Pheasant Tail na Hare's Ear wa ndoano namba 14 na 16, wanaozama na kuigiza viluwiluwi vya wadudu wanaoishi chini ya mawe. Hao ndio wanaonilisha. Kwa kuelea nina Adams namba 14, na Elk Hair Caddis kwa maji yenye vurugu kwa sababu manyoya yake humweka juu. Kisha kuna wale wa kizamani wanaotumika Kenya, Kenya Bug mweusi, Coachman na Mrs Simpson, ambao wazee wa hapa hawaondoki nyumbani bila wao. Kwa ziwa, Woolly Bugger wa kijani kibichi namba 8 au 10. Kwenye namba za ndoano, kumbuka kwamba kubwa ni ndogo: 16 ni kadogo kuliko 10.

Kabla ya kufunga nzi yeyote, bana kwa koleo kile kijino kilicho nyuma ya ncha ya ndoano hadi kilale. Samaki hatatoka ukiuweka uzi umekazwa, na siku ndoano itakapoingia kwenye sikio lako utashukuru.

Nyungunyungu waache shambani. Desturi ya maji ya trauti ni nzi tu, na askari wa msitu akikukuta na kopo la udongo mtaongea lugha nyingine. Leseni ya kuvua inatoka idara ya uvuvi, na ukiingia hifadhi ya taifa unalipa kiingilio cha KWS, shirika la wanyamapori, siku hizi kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, na si pesa taslimu getini. Mtandao wa simu unakufa mapema ukielekea msituni, kwa hiyo lipa ukiwa bado mjini na uhifadhi risiti kwenye simu.

Kurusha nitakwambia kwa ufupi, kwa sababu maneno hayafundishi mkono. Fikiria uko ubavuni mwa saa ya ukutani. Fimbo inakwenda mbele hadi kwenye 10 na nyuma hadi kwenye 1, ikisimama kila upande kwa muda mshipi unyooke nyuma yako. Kosa la karibu kila anayeanza ni kutosubiri nyuma. Jifunzie kwenye uwanja wa shule jioni, ukifunga kipande cha sufi nyekundu badala ya nzi, na uombe ruhusa kwa mwalimu mkuu kwanza. Lakini kwenye mito yetu nafasi ya nyuma mara nyingi haipo kabisa, ni mianzi tu. Kwa hiyo jifunze mrusho wa kuviringisha: unaburuta mshipi polepole juu ya maji hadi fimbo isimame karibu na sikio, mshipi ukining'inia nyuma ya bega, kisha unapiga mbele kwa nguvu fupi na mshipi unajiviringisha kwenda. Pale ambapo hata huo hauwezekani, shika nzi kwa vidole nyuma ya ndoano, vuta hadi fimbo ipinde, achia. Inafanana na manati, na kila mtoto wa hapa anaiweza bila kufundishwa.

Jambo linalozidi yote hayo ni miguu yako. Trauti hukaa akitazama maji yanakotoka, akingoja chakula kiletwe. Kwa hiyo panda mto, usishuke. Mfuate kwa nyuma. Usisimame juu ya ukingo ukakatwa na anga kama mlingoti. Piga magoti. Usirushe katikati ya shimo la maji kwanza: anza na mkia wa shimo hilo, hatua chache mbele yako, kisha upande ambapo maji ya kasi yanasugua maji ya polepole, kwa maana samaki hukaa kwenye ya polepole na kula kutoka kwenye ya kasi. Nyuma ya jiwe kubwa kuna mmoja, na mbele ya jiwe hilo pia, jambo ambalo wengi hawaamini. Nilipokuwa nikimpeleka mzee mmoja wa Karatina, alinishika mkono nilipotaka kuvuka: "Kijana, hayo maji unayotaka kukanyaga ndiyo nimekuja kuyavua." Alimtoa samaki hapo hapo, kwenye maji ya kufika kifundo cha mguu.

Kuhusu mahali. Trauti si wa kwetu kwa asili. Ewart Grogan ndiye aliyeleta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Scotland mwaka 1905, wakawekwa mto Gura, kule milima ya Aberdare. Trauti wa upinde wa mvua walifuata baadaye. Wa kahawia ana madoa mekundu yaliyozungukwa na duara jeupe-jeupe. Wa upinde wa mvua ana mstari wa waridi ubavuni, na ndiye utakayemkuta zaidi upande wa Mlima Kenya. Serikali bado ina kituo cha kuzalisha trauti pale Kiganjo, na mtu ambaye hajawahi kumwona samaki huyu apitie huko kwanza.

Kwa anayeanza, Thego. Uko karibu na Kiganjo, kuna kambi ya wavuvi pembeni ya msitu, na mto unakusamehe. Ragati unafanana nao lakini umefungwa zaidi na miti. Upande wa kusini wa mlima, Thiba ni mzuri wa mawe makubwa na mashimo ya kina, na hauna watu wengi siku za kazi. Anayetoka Nairobi na hataki kulala njiani aende Kimakia, msituni juu ya Gatura.

Aberdare juu, ndani ya hifadhi, ni jambo jingine. Chania na Magura hupita kwenye nyika ya nyasi zilizo wazi, baridi kali, ukungu unaoshuka ghafla, na hapo ndipo ile fimbo ndefu kidogo inapata kazi yake maana hakuna mti wa kunasa. Hapo pia ndipo mto ninaoupenda kuliko yote, Gura. Njia ya kuufikia ni mbaya na inafungwa mvua zikizidi. Usiende bila askari wa KWS. Nyati wa Aberdare hutokea kwenye nyasi bila salamu, na kinyesi cha ndovu kikiwa bado kinatoa mvuke, kunja mshipi urudi gari lilipo, hata kama samaki wanaruka.

Maziwa ya Mlima Kenya ni ya mtu mwenye mapafu. Rutundu liko juu ya mita 3,000, lina vibanda vya mbao, na ni huko ambako mwaka 2010 William wa Uingereza alimchumbia Kate, habari ambayo wapagazi watakupa hata usipouliza. Ellis na Alice yako juu zaidi. Samaki wa Alice ni wakubwa, ila hulipwa kwa jasho. Ziwani huoni mkondo wa kukuongoza, kwa hiyo tembea kingo, rusha, hesabu hadi kumi ili nzi azame, kisha vuta mshipi kwa mkono, kipande kifupi na kituo. Vua asubuhi, mchana upepo na mawingu hukufukuza.

Miezi? Januari na Februari ndiyo mizuri, halafu Julai hadi Septemba ukivumilia manyunyu. Masika ya Machi hadi Mei maji huwa rangi ya chai ya maziwa na huna la kufanya.

Ukimkamata na hutaki kumla, lowesha mikono kabla ya kumgusa, kwa maana kiganja kikavu kinamvua utelezi unaomkinga na magonjwa. Mwache ndani ya maji, ng'oa ndoano, mwelekeze kichwa kwenye mkondo hadi aondoke mwenyewe. Ukitaka kumla, chukua wawili watatu wa kukaanga jioni hiyo, si wa kujaza friji.

Wapo watakaoniuliza kuhusu Naivasha na Pwani. Naivasha kuna samaki aitwaye besi, naye hupiga nzi mkubwa karibu na magugu, lakini utavulia kwenye mashua na utamheshimu kiboko. Watamu na Malindi watu huvua kolekole na hata sulisuli kwa nzi, kwa fimbo namba 9 hadi 12, rili yenye breki ya kweli na mshipi wa akiba wa mamia ya mita nyuma yake. Huko rili ndiyo ya kununua kwanza, na kila jioni uioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Fimbo yako namba 4 iache kwa shangazi Nyeri.