Namba ya bildi inayokurudisha kwenye kodi yake

Karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) huko Kibosho, karibu na Moshi, anapiga simu: mizani imesoma kilo 46, programu kwenye simu yake imeandika 4.6. Swali la kwanza la kumwuliza ni hili: chini ya skrini pameandikwa bildi gani, yaani namba ya programu iliyojengwa na kuwekwa kwenye simu hiyo? Akijibu "1.8", bado hujajua kitu. Hiyo 1.8 huenda ilijengwa mara tatu wiki ile, na kosa liko kwenye moja tu.

Kitambulisho cha bildi kina kazi mbili: kisijirudie, na kikurudishe kwenye komiti iliyoizaa programu, yaani hali ya kodi (maandishi ya programu) iliyohifadhiwa kwenye Git. UUID (kitambulisho cha nasibu) ya toleo la 4 ina biti 122 za nasibu, kwa hiyo kujirudia si jambo la kuhofia. Lakini haisemi lolote kuhusu kodi, na hakuna karani atakayekusomea herufi 36 katikati ya kelele za ghala. Unganisha badala yake muda, namba ya mzunguko inayotolewa na seva ya kubildi, na heshi ya komiti (alama zake za utambulisho). Kwenye GitHub Actions, huduma ya GitHub ya kubildi programu:

```
HESHI=$(git rev-parse --short=12 HEAD)
MUDA=$(date -u +%Y%m%dT%H%M%SZ)
BILDI="$MUDA-b$GITHUB_RUN_NUMBER.$GITHUB_RUN_ATTEMPT-g$HESHI"
echo "bildi=$BILDI" >> "$GITHUB_OUTPUT"
```

Utapata kitu kama `20250603T223107Z-b412.1-g4f09c1a7be32`.

Usiiache ile `-u`. Saa za Moshi ziko saa tatu mbele ya UTC (saa ya kimataifa), na seva nyingi za wingu zinatumia UTC. Bildi ya hapo juu imetoka tarehe 3 kwa UTC, ilhali Moshi ilikuwa saa 7:31 usiku wa kuamkia tarehe 4. Ukichanganya saa za laptopu na za seva, mpangilio wa bildi utakudanganya.

Namba baada ya nukta nayo ina sababu yake. Ukirudia mzunguko ulioshindwa, `GITHUB_RUN_NUMBER` inabaki ileile. Kinachoongezeka ni `GITHUB_RUN_ATTEMPT`. Na ile `g` mbele ya heshi inazuia balaa la kimyakimya: heshi fupi kama `4829e15` ikiingia kwenye faili la mipangilio la YAML bila alama za nukuu inaweza kusomwa kama namba yenye kipeo, na ulichokiandika kikapotea. Ukiweka `g`, inabaki maandishi.

Wengi hukosea hapa: kila kazi (job) ndani ya mtiririko (workflow) inakokotoa muda wake. Bildi ya Android inapata sekunde 07, ya seva inapata 41, na vitu viwili vya komiti moja vinaonekana havijuani. Kokotoa mara moja kwenye kazi ya kwanza, kisha zipitishie nyingine kwa `outputs`. `GITHUB_ENV` haitoshi, maana haivuki mpaka wa kazi.

Hatua ya kuchukua kodi huleta komiti moja tu usipoiambia vingine. Heshi itapatikana, lakini `git rev-list --count HEAD` itakujibu 1 kila siku, na `git describe` haitaziona tagi (majina yaliyobandikwa kwenye komiti). Weka `fetch-depth: 0`. Kama seva ya kubildi iko ofisini kwenu na inakula bando, `git clone --filter=blob:none` inaleta historia yote ya komiti bila kubeba kila toleo la kila faili.

Android inadai namba nzima, `versionCode`, na Google Play haikubali zaidi ya 2100000000. Mtindo wa mwaka kwa tarakimu mbili, mwezi, siku, saa na dakika ulifaa hadi mwisho wa 2020. Dakika ya kwanza ya 2021 ni 2101010000, tayari imezidi. Tumia `GITHUB_RUN_NUMBER`, na kitambulisho kirefu kikae kwenye `versionName`. Ukianzisha mtiririko mpya, hesabu inaanza tena 1, kwa hiyo jumlisha namba ya mwisho uliyopandisha.

Kwenye Docker, inayofunga programu pamoja na mahitaji yake kuwa imeji moja, alama ya kujumlisha hairuhusiwi katika tagi ya imeji, ndiyo maana tumetumia kistari. Iweke `ARG BILDI` karibu na mwisho wa Dockerfile, faili la maelekezo ya Docker. Ikikaa juu, kila bildi inavunja akiba ya hatua za `RUN` zilizo chini yake, na vifurushi vyote vinapakuliwa upya.

Kwa programu ya lugha ya Go, ingiza kitambulisho hivi, kisha hakikisha palepale:

```
go build -ldflags "-X main.Bildi=$BILDI" -o mizani .
./mizani --toleo | grep -qF "$BILDI"
```

Huo mstari wa pili ni wa lazima. Ukikosea jina la kigeu, Go haitalalamika; utapata programu yenye nafasi tupu mahali pa bildi. `grep` ikikosa, mtiririko usimame.

Mwisho, bandika tagi kwenye komiti:

```
TAGI="bildi/$GITHUB_RUN_NUMBER.$GITHUB_RUN_ATTEMPT"
git tag "$TAGI" && git push origin "$TAGI"
```

Mtiririko upewe ruhusa ya `contents: write`, la sivyo kusukuma kutakataliwa. Kwenye skrini ya karani onyesha `412.1` kwa herufi kubwa. Heshi iwe ndogo chini yake, kwa kuwa b na d hazitofautiki zikisomwa kwa simu. Akikutajia hizo tarakimu nne, `git checkout bildi/412.1` inakupeleka kwenye kodi ileile iliyokosea zile kilo 46.