Lundo la Majani Lisikudanganye: Ng'ombe Wako Anakula Kiasi Gani?

Ng'ombe anaweza kula majani mabichi mpaka tumbo likatuna, na bado akawa hajapata mahitaji yake. Kinachomdanganya mfugaji ni maji. Majani ya tembo yakikatwa machanga, kilo 80 au zaidi katika kila kilo 100 huwa ni maji. Kinachojenga mwili na kutoa maziwa kimo katika sehemu inayobaki maji yakiondolewa, yaani uzito mkavu. Huo ndio wa kupimia, wala si ukubwa wa mzigo.

Kwa siku, ng'ombe huhitaji uzito mkavu wa asilimia 2 hadi 3 ya uzito wa mwili wake. Anayekamuliwa maziwa mengi huzidi hapo. Chukua ng'ombe wa maziwa mwenye kilo 400. Asilimia 3 ni kilo 12 kavu. Ukimlisha hei pekee, yaani majani yaliyokaushwa ambayo bado yana maji kidogo, kilo 14 hivi zinatosha. Ukimlisha majani mabichi yenye maji asilimia 80, anahitaji kilo 60! Weka mzigo wako kwenye mizani, hata mara moja tu. Wengi hushangaa kukuta walichodhani kinatosha siku nzima hakifiki hata nusu. Majani yaliyokatwa mvua ikinyesha ndiyo mabaya zaidi kwa hesabu hii, kwa hiyo yaache yanyauke saa kadhaa kabla ya kulisha.

Huna mizani ya ng'ombe? Pima kwa sentimita mzunguko wa kifua, nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa tako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 10,840. Mzunguko wa 165 na urefu wa 140 hutoa kilo 350 hivi. Ni makadirio, lakini ni bora kuliko macho.

Pumba na mashudu (makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta) vina nafasi yake kwa anayekamuliwa, ila visizidi nusu ya uzito mkavu wote. Viongeze kidogo kidogo kwa wiki mbili. Ukimmwagia vingi ghafla, tumbo hujaa asidi, anaacha kucheua, anaharisha, na anaweza kufa. Nasisitiza hili kwa sababu hutokea pale mfugaji anapojitahidi kumtendea mema mnyama wake.

Maji ya kunywa yawepo muda wote. Akikosa maji hupunguza kula, hata hori likiwa limejaa.

Kila asubuhi kagua hori kabla ya kuweka malisho mapya. Likiwa limelambwa likang'aa, jana alilala na njaa: ongeza. Mabaki ya asilimia 5 hadi 10 ndiyo yanayofaa. Yakiwa mashina matupu, katakata majani vipande vya sentimita 2 hadi 5 kabla ya kufikiria kuongeza.