Namna ya Kuunda Modeli ya Kazi Sambamba katika Mfumo wa Wakati Halisi

Mhandisi anayekabidhiwa mfumo wa wakati halisi, yaani mfumo ambao hata jibu sahihi likichelewa huhesabiwa kuwa kosa, mara nyingi huanza kwa kuuliza kompyuta ina viini vingapi, yaani sehemu za kichakata zinazoweza kufanya kazi kila moja kivyake kwa wakati mmoja. Swali hilo lingoje kwanza. La kutangulia ni umbo la kazi yenyewe: sehemu zipi zinaweza kwenda pamoja, na zipi hazina budi kungojana.

Nitatumia mfano mmoja wa kubuni. Chukua kreni ya kushusha makontena katika bandari ya Kilindini, iliyofungwa kamera inayotazama chini, ili mtu akipita chini ya mzigo breki ishike. Picha huingia kila baada ya milisekunde 100, na amri ya breki lazima itoke ndani ya milisekunde 80 tangu picha ilipoingia. Andika namba hizo mbili, kipindi na ukomo, kabla ya jambo lolote, kwa kuwa zinatokana na kreni na usalama wa watu, wala huna ruhusa ya kuzilegeza baadaye hesabu ikikushinda.

Kisha chora grafu. Kila sehemu ya kazi iwe nodi, na mshale utoke nodi moja kwenda nyingine pale tu ambapo ya pili inahitaji matokeo ya ya kwanza. Mishale isirudi nyuma ikafanya mzunguko. Usichore mshale kwa sababu tu msimbo umeandikwa kwa mfuatano huo. Katika mfano wetu, kupokea picha huchukua milisekunde 5. Picha hugawanywa vipande sita vinavyochambuliwa sambamba, vitano vya milisekunde 18 kila kimoja na kimoja kilichojaa vivuli cha milisekunde 30. Kuunganisha majibu huchukua 10, na kutoa amri 5.

Muda wa kila nodi uwe ule mrefu kabisa unaoweza kutokea, si wastani, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Nami niliwahi kupima nodi moja moja, viini vingine vikiwa vimelala, ndani ya chumba chenye kiyoyozi, nikafurahia namba nilizopata. Viini hugawana kumbukumbu na mara nyingi kache pia, yaani ile kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo karibu na viini, kwa hiyo nodi ile ile huchelewa majirani zake wakiwa kazini. Isitoshe, kichakata kikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi chenyewe, na boksi la chuma lililofungwa juu ya kreni wakati wa kaskazi, jua la Februari likiwa utosini, halifanani hata kidogo na meza ya ofisini. Pima viini vyote vikiwa na shughuli, boksi likiwa na joto litakalolikuta huko.

Baada ya hapo kokotoa namba mbili. Ya kwanza ni jumla ya kazi, ambayo hapa ni milisekunde 140. Ya pili ni mnyororo wa nodi zinazongojana ulio mrefu kuliko yote kutoka mwanzo hadi mwisho: 5, 30, 10 na 5, yaani 50. Mnyororo ukizidi ukomo, viini hata mia havitakuokoa. Aliyewahi kusimamia pilau ya harusi anajua kwamba wamenya vitunguu wakiongezwa, vitunguu huisha upesi, lakini sufuria ikishapaliwa makaa hungojewa vile vile.

Anayetazama jumla peke yake atagawanya 140 kwa kipindi cha 100, apate 1.4, aseme viini viwili vinatosha. Havitoshi. Ikiwa kipande kilichoanza hakikatizwi, basi vipande sita vilivyogawanywa kwa viini viwili, hata uvipange vipi, huchukua angalau milisekunde 66. Ongeza 20 za kabla na baada, unapata 86, na ukomo umepita.

Kanuni ya kutegemea ilitolewa na mwanahisabati Ronald Graham mwaka 1966: kiini kisipoachwa bure huku kuna nodi iliyo tayari, kazi haitazidi mnyororo mrefu ukijumlishwa na kazi iliyobaki iliyogawanywa kwa idadi ya viini. Kwa viini vitatu ni 50 na 90 gawanya kwa 3, jumla 80. Inaingia, ila bila akiba yoyote. Graham alionyesha pia jambo la kushangaza, kwamba nodi zikifupishwa, au viini vikiongezwa, kazi nzima inaweza kuchelewa zaidi. Ndiyo maana siamini jaribio lililofaulu mara elfu ikiwa hakuna hesabu nyuma yake.

Ili kupata akiba, shughulikia mnyororo kabla ya kununua viini. Kikate kipande cha milisekunde 30 kiwe viwili vya 16. Jumla inapanda hadi 142, kwa kuwa kukata kuna gharama yake, lakini mnyororo unashuka hadi 38, na kwa kanuni ya Graham, muda wa juu kabisa kwa viini vitatu unakuwa takriban milisekunde 72.7. Kazi imeongezeka na jibu linawahi.

Kukiwa na kazi nyingine katika kompyuta hiyo hiyo, kazi nzito ipewe viini vyake isivyogawana na yeyote, na zile zinazoweza kumalizika kwenye kiini kimoja zihesabiwe kama kazi za kawaida zisizo sambamba. Katika kompyuta ya viini vinne, breki inachukua vitatu. Kuhifadhi picha na kumwonyesha dereva skrini yake kunabaki kwenye kiini cha nne.