Namna ya Kupanga Ziara ya Utafiti katika Nyaraka za Makumbusho ya Ethnolojia, Berlin

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mwanafunzi wa historia aliyekuwa akifuatilia vifaa vilivyochukuliwa kusini mwa Tanzania wakati wa Vita vya Majimaji (1905–1907). Vitu vya Afrika Mashariki vimejaa Berlin, kwa sababu uamuzi wa serikali ya Ujerumani wa mwaka 1889 uliagiza kwamba vilivyokusanywa makoloni kwa fedha za dola vipelekwe kwanza huko.

Hatua ya 1: Pata namba ya kifaa
Fungua katalogi ya mtandaoni ya makumbusho za serikali za Berlin. Vifaa vya Afrika Mashariki huanza na alama III E.

Hatua ya 2: Tambua jalada
Hapa ndipo wengi hukwama, na asiyeimaliza hatua hii akiwa nyumbani asikate tiketi. Kifaa kilipokelewa pamoja na barua, nayo iliandikishwa kwa herufi E, namba na mwaka, kisha ikatiwa jaladani. Mwaka huo ni wa kuandikishwa Berlin, wala si wa kifaa kumtoka mwenyewe. Mkuki uliotekwa mwaka 1905 huenda ukaonekana katika jalada la miaka kadhaa baadaye, kwa kuwa maofisa waliweza kukaa na vitu nyumbani kabla ya kuvitoa au kuviuza.

Tatizo kubwa zaidi ni majina. Makarani waliyaandika kwa tahajia ya Kijerumani: z yetu ikawa s, j ikawa dsch, ch ikawa tsch na sh ikawa sch. Anayetafuta Uzaramo atafute Usaramo. Wanyamwezi ni Wanyamwesi, Uzigua ni Useguha, Wachaga ni Wadschagga, naye Mkwawa huandikwa Quawa. Isitoshe, karani yuleyule aliweza kuliandika jina moja kwa namna mbili katika ukurasa mmoja, na mahali palipotajwa pengine ni boma alikokaa ofisa au bandari kifaa kilikopakiwa, si kijiji kilikotengenezwa. Kwa hiyo tengeneza jedwali la tahajia zote unazoweza kuzikisia, kisha utafute pia kwa jina la ofisa, ambalo kwa kawaida halikuharibiwa. Mimi nalipendelea jedwali la daftarini kuliko la kompyuta, kwani daftari hufunguka hata pale umeme na intaneti vinapogoma.

Hatua ya 3: Jizoeze mwandiko
Barua nyingi zimeandikwa kwa Kurrent, mwandiko wa mkono wa Kijerumani cha zamani, ambamo e hufanana na n, na u huwekewa kijikunjo juu ili isichanganywe na n. Transkribus, programu ya kompyuta isomayo miandiko ya kale, husaidia, lakini hukosea zaidi kwenye majina ya watu na mahali, yaani pale unapoihitaji zaidi. Nakili alfabeti hiyo kwa mkono kila siku mpaka jicho lizoee.

Hatua ya 4: Anza Dar es Salaam
Nyaraka za Taifa zina majalada ya utawala wa Kijerumani, yenye alama G. Jina la ofisa ulilolipata katika hatua ya pili ndilo litakalokuongoza humo, na mara nyingine jibu hupatikana bila kupanda ndege.

Hatua ya 5: Yaandikie makumbusho barua
Taja namba za vifaa, majalada na tarehe unazopendekeza. Barua isemayo tu kwamba unatafiti utamaduni wa Wangoni itarudishwa na maswali. Omba mwaliko wa maandishi, kwani ubalozi utauhitaji. Viza ya Schengen huombwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na kwa kawaida zikiwa zimebaki siku zisizopungua 15.

Hatua ya 6: Katika chumba cha kusomea
Tumia penseli, na uulize masharti ya kupiga picha kabla ya kutoa simu. Picha za kila jalada zianze na ile ya gamba lake la nje, na kwa kila karatasi andika namba yake pamoja na upande, mbele au nyuma, kwa maana namba huwekwa upande wa mbele tu.