Kununua almasi yenye cheti kwa mzalishaji: somo kwa wanachama wa Tabora

Kwa kuwa mgodi wa almasi wa Mwadui upo Kishapu, katika mkoa jirani wa Shinyanga, wanachama wengi hudhani kwamba mtu akipanda basi la kupitia Nzega na Tinde atafika getini, achague jiwe na kurudi nalo nyumbani. Haiendi hivyo.

Hatua ya kwanza: fahamu unanunua almasi ipi. Migodi mikubwa huuza almasi ghafi kwa mafungu, wala haimchambulii mtu jiwe moja la pete ya uchumba. Isitoshe, kukutwa na madini ghafi bila leseni ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Madini, hata kama uliyanunua kwa nia njema. Anayetaka ghafi aanzie Tume ya Madini kuomba leseni. Sisi tuliobaki, mzalishaji wetu ni kiwanda kinachokata na kung'arisha, na vingi vya namna hiyo vipo Surat, India.

Hatua ya pili: tofautisha vyeti. Cheti cha Kimberley, chini ya mfumo ulioanza kutumika mwaka 2003, huambatana na shehena ya almasi ghafi inapovuka mpaka, ili kuthibitisha kwamba haikutokana na biashara ya kugharamia waasi. Hakisemi lolote juu ya ubora. Ubora huelezwa na ripoti ya maabara, kwa mfano ya GIA, taasisi ya Marekani inayopima vito: uzito, rangi kuanzia D hadi Z, usafi na ukataji. Anayekutolea cheti cha Kimberley kwa jiwe lililokwisha kukatwa, muage kwa heshima.

Hatua ya tatu: linganisha jiwe na karatasi yake. Hapa ndipo fedha za watu hupotelea. Ingiza namba ya ripoti kwenye tovuti ya maabara yenyewe, si kwenye kiungo ulichotumiwa na muuzaji. Kisha tazama kiuno cha jiwe, yaani ukingo mwembamba unaolizunguka, kwa lupu ya kukuza mara 10, kwani mawe mengi, ingawa si yote, huandikwa namba hiyo kwa leza. Mwisho lipime. Mama mmoja aliniletea jiwe lenye ripoti halali ya karati 1 (karati ni kipimo cha uzito wa vito). Upana ulikubaliana na karatasi, milimita 6.5, lakini mizani ikasoma karati 1.7. Ilikuwa zirkonia ya kutengenezwa, jiwe la kuigia almasi, ambayo kwa ukubwa uleule ni nzito zaidi kuliko almasi. Ripoti ilikuwa ya kweli, ila ya jiwe jingine.

Hatua ya nne: lipa kupitia benki, kwa ankara yenye namba ya ripoti na muda wa kurudisha jiwe ulioandikwa.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Je, kile kifaa cha mkononi cha kupimia almasi hakitoshi?

Marahaba. Hakitoshi. Kinachopima upitishaji wa joto pekee hudanganywa na moisanaiti, jiwe jingine linalofanana na almasi, na almasi iliyooteshwa maabara hupita kwa sababu nayo ni almasi kweli. Tofauti yake huonekana kwa mitambo ya maabara na lazima iandikwe kwenye ripoti.

Bajeti yangu ni finyu. Nipunguze wapi?

Punguza uzito kidogo kabla ya kugusa ukataji. Bei ya kila karati huruka jiwe linapofika karati 1 kamili, kwa hiyo lenye karati 0.95 huwa nafuu, na likishafungwa kwenye pete hakuna jirani atakayegundua. Jiwe lililokatwa vibaya hufifia hata likiwa kubwa.

Shemeji yangu ni mchimbaji mdogo na anataka kunipa jiwe ghafi kama zawadi. Nilipokee?

Usilipokee, dada. Mshukuru, kisha mwombe alipeleke soko la madini likathaminiwe na kulipiwa mrabaha. Zawadi akupe katika fedha atakazopata.